Upana wa Mkokoteni

Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi, mkokoteni wa nguo ulisimama katikati ya kichochoro kwa sababu ya kamba. Ilikuwa kamba nyembamba ya rangi ya chungwa, imefungwa kwenye vigingi viwili vipya usawa wa goti, na ilikuwa imekigawa kichochoro kwa urefu wake wote. Upande uliobaki angepita mtu mmoja, tena kwa ubavu.

Dobi alishusha mikono ya mkokoteni akaitazama ile kamba. Alikuwa mkwe katika nyumba ya ndani, ile isiyogusa barabara. Kazi ya kufua aliirithi kwa baba mkwe wake, huku mumewe akibaki upande wa pasi, ambao aliupenda kwa kuwa haukuwa na maneno mengi. Siku hiyo mkokoteni ulikuwa na mashuka ya nyumba ya wageni, na mwenye nyumba ya wageni alikuwa ameshapiga simu akiulizia.

Upande wa pili wa kamba alisimama kijana wa jirani, mrithi wa kiwanja cha mbele. Mtaa ulimwita Helmeti, kwa sababu tangu arudi kutoka alikokuwa akifanya kazi za ujenzi hakuna aliyekiona kichwa chake kikiwa wazi.

"Shemeji, za asubuhi."

"Salama. Kamba hii ni ya nini?"

"Msingi. Naanza vyumba vya kupangisha."

"Na sisi tupite wapi?"

"Si hapo nimewaachia?" Akaonyesha ule ubavu.

"Hapo mkokoteni haupiti."

"Mkokoteni si mtu, shemeji. Watu nimewaachia njia. Mkokoteni tafuteni utaratibu."

Utaratibu haukuwepo. Nyuma ya nyumba kulikuwa na mfereji wa majitaka, kushoto ukuta wa ghala, na kulia ukuta wa ghala lile lile, maana lilikuwa limekunja kona. Dobi na mumewe waliyabeba mashuka kichwani, furushi kwa furushi, hadi barabarani. Furushi moja lilifumuka njiani, mashuka mawili yakaingia kwenye tope, yakarudi karoni kufuliwa upya. Fundi wa Helmeti alicheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Nyota njema huonekana asubuhi," alisema mumewe dobi, akarudi kwenye pasi yake.

Jioni alikuja mwenyekiti wa mtaa. Alikalishwa kwenye kiti kizuri, kile chenye miguu yote minne, na Mama Mkwe akaanza kabla hajaulizwa.

"Kesi hii ilishakwisha, mwenyekiti. Marehemu mume wangu alimshtaki baba yake huyu kijana, akamshinda mchana kweupe. Njia ni yetu. Kila mtu anajua."

"Mama, hadithi hiyo naisikia tangu sijaota ndevu," alisema mwenyekiti kwa upole. "Marehemu alikuwa akinisimulia huku ananipigia pasi shati. Lakini kijana ana hati ya kiwanja. Nimeishika kwa mikono yangu. Nyinyi mna nini?"

"Tuna hukumu."

"Iko wapi?"

"Mahakamani. Marehemu alisema mshindi hatembei na karatasi mfukoni."

Mwenyekiti akajikuna shingo. "Sikilizeni. Hawezi kujenga bila kibali, na kibali hakipatikani bila muhuri wangu. Nitamzuia mpaka Ijumaa. Nileteeni hiyo hukumu ikiwa na muhuri wa mahakama. Mkiikosa, nitamgongea muhuri, maana nitakuwa sina la kumwambia."

Alipoondoka, mumewe dobi aliuliza, "Nani anakwenda mahakamani?" Aliuliza huku akitazama pasi, na ikaeleweka kwamba si yeye.

* * *

Mahakama ilikuwa jengo la ghorofa moja lenye rangi mbili, ya zamani juu na mpya chini, hadi pale alipofikia mpaka rangi asiyekuwa na ngazi. Askari wa getini alimtazama dobi miguuni.

"Malapa hayaingii."

"Nimekuja kutafuta kesi tu."

"Hata kesi inatafutwa na viatu."

Mama mmoja aliyekuwa akiuza karanga nje ya geti alikuwa na viatu vya kuazimisha, jozi tatu, namba tofauti, kwa ada ndogo. Dobi aliingia mahakamani na viatu vilivyomzidi, akitembea kama anayeburuza pasi ya mkaa.

Dirisha la kwanza walimwambia aende la tatu. La tatu walimwambia kwanza akalipe ada dirisha la kwanza. Alipofika tena la tatu na risiti, alimkuta karani wa masjala, mama wa makamo mwenye miwani mbili, moja puani na nyingine kichwani.

"Namba ya kesi?"

"Sina."

"Mwaka?"

"Mama mkwe anasema ni mwaka ambao mume wangu aliota meno."

Karani alivua miwani ya puani. "Dada yangu, meno ya mtoto si kumbukumbu ya mahakama. Hapa kesi haitafutwi kwa hadithi. Mume wako ana umri gani?"

Wakahesabu pamoja. Karani akaingia ndani, akatoka na rejista mbili kubwa zilizofungwa kwa kitambaa, akaziweka kwenye meza ndogo pembeni ya dirisha.

"Majina yamepangwa kwa mdai, yaani aliyeshtaki. Huyo mzee wenu alikuwa mdai?"

"Ndiyo. Alishtaki."

"Basi mtafute kwa herufi yake. Usilambe kidole ukifunua. Na usiegemee."

Alitafuta asubuhi yote. Majina yalikuwa ya watu waliogombana kwa mbuzi, madeni, mipaka, mahari na cherehani. Wengine aliwafahamu. Mzee mmoja wa mtaani kwao, mpole kama maji ya mtungi, alikuwa amemshtaki ndugu yake mara nne. Dobi alijikuta anasoma yasiyomhusu, akajikumbusha, akarudi kwenye herufi yake. Baba mkwe hakuwepo. Akaomba rejista ya mwaka uliotangulia na ya uliofuata. Hakuwepo humo pia.

"Haipo," alimwambia karani.

"Kama haipo kwenye rejista, haikufunguliwa hapa."

Nyuma yake, kwenye foleni, mwanamume mwenye bahasha kubwa alimnong'oneza, "Dada, mimi naweza kukutengenezea. Hukumu nzuri, muhuri na kila kitu. Kesho."

Karani hakuinua kichwa. "Wewe, nimekusikia. Na dada huyu kakusikia. Na hakimu yuko ofisini."

Mwanamume akaikumbuka safari yake ghafla.

* * *

"Hujatafuta vizuri," alisema Mama Mkwe.

"Nimetafuta, Mama. Mistari yote."

"Nilimwona kwa macho yangu akivaa koti. Koti la harusi! Mtu avae koti la harusi aende wapi kama si mahakamani?"

"Sijasema hakwenda mahakamani. Nimesema hayumo."

"Kwa hiyo marehemu ni mwongo."

"Nani kasema, Mama?"

"Hujasema, ila umelitandika likakaa."

Walikuwa wanakunja shuka, wawili, kila mmoja ameshika pembe mbili, na shuka halikunjiki kwa watu wasiosemezana. Wakatembea mpaka wakakutana, Mama Mkwe akachukua pembe zote nne, akazibana chini ya kidevu.

"Kesho nakwenda mwenyewe," alisema kwa kidevu kilichobana. "Wewe una haraka sana. Hata kwenye kuchambua mchele una haraka."

"Magoti je?"

"Magoti yangu hayajaitwa kutoa ushahidi."

Mumewe dobi aliinua macho kutoka kwenye pasi. "Mama, uvae viatu."

* * *

Ilikuwa Alhamisi walipopata nafasi, kwa kuwa Jumatano yote ilikwenda kwenye kubeba mafurushi kichwani. Mama Mkwe aliingia masjala akiwa na kilemba kilichopigwa wanga, akasalimia kila dirisha, na karani akajikuta amesimama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Mkwe wangu ameshindwa kumwona mume wangu kwenye vitabu vyenu."

"Tumemtafuta, mama. Hakushtaki mtu."

"Alimshtaki jirani."

Karani alikunja mikono juu ya meza. Alikuwa na foleni, lakini alikuwa pia na mama yake nyumbani. "Mama, nikuulize. Huyu mzee alikuwa mtu wa kushtaki watu?"

Dobi alimwona Mama Mkwe akitazama rejista, halafu dirisha, halafu mikono yake mwenyewe.

"Yule?" alisema hatimaye. "Yule akiibiwa kuku, anasema alimpa mwizi zawadi. Alichomewa shati na fundi pasi mwenzake, akalipa yeye. Hakuwahi kumshtaki hata paka." Akaigusa rejista kwa kidole. "Mwanangu, hebu angalia jina la jirani."

Dobi alifunua herufi ya jirani. Ilikuwa kwenye rejista ya kwanza, ile ile aliyoishika Jumanne, ukurasa uliokuwa na doa la wino. Mdai: jirani. Mdaiwa: baba mkwe wake, kazi dobi.

"Alishtakiwa," alisema dobi, polepole.

"Nimesikia," alisema Mama Mkwe. "Usirudie rudie."

Jalada lilichukua muda kupatikana. Mhudumu alilitoa ghalani likiwa limefungwa kwa utepe uliopauka, akalipiga pembeni mwa mlango, vumbi likatoka. Karani alieleza masharti: linasomwa pale pale mbele yake, halitoki, halipigwi picha, nakala inaombwa na kulipiwa.

"Na kila mtu anaruhusiwa kulisoma?" aliuliza Mama Mkwe.

"Kesi iliyokwisha ni ya umma, mama. Hata mpita njia akitaka, analipa ada, anasoma."

"Kwa hiyo miaka yote hii mtu yeyote wa mtaani angeweza kuja hapa akasoma mambo ya mume wangu?"

"Yeyote."

"Na nani amekuja?"

Karani alifunua jalada upande wa ndani, mahali wanaposaini wasomaji. Palikuwa patupu. "Hakuna. Nyinyi ndio wa kwanza."

"Hata mmoja?" alisema Mama Mkwe, na safari hii alionekana kukasirika kwa sababu nyingine.

Dobi alisoma kwa sauti ya chini. Hakimu wa siku zile alikuwa na mwandiko wa wima, na aliandika maneno ya watu kama walivyoyasema.

*Mdai, baada ya kuapa, anaeleza: Mdaiwa ni mtu mwema ila haambiliki. Sitaki asipite. Nataka asiniloweshee ukuta. Mke wangu amejifungua, na mtoto analala chumba kile chenye ukungu. Anakohoa usiku kucha.*

*Mdaiwa, baada ya kuapa, anaeleza: Mimi ni dobi. Namfahamu mdai, na ngazi ninayoanikia nguo ni yake. Ni kweli napita kwenye kiwanja chake na mkokoteni. Sina pengine pa kupita. Ni kweli nguo zangu zinachuruzikia ukuta wake. Umeota ukungu, nimeuona. Hata mimi nisingependa.*

"Hivyo ndivyo anavyojitetea?" alisema Mama Mkwe. "Mtu anaulizwa na hakimu, anamsaidia hakimu!"

*Swali la mdai: Nilikwambia mara ngapi kuhusu maji?*

*Jibu: Mara nyingi. Niliona haya nikawa kimya.*

*Swali: Mbona siku ile mbele ya watu ulipiga kelele kwamba wewe ndiye utakayenishtaki?*

*Jibu: Mke wangu alikuwa dirishani.*

Dobi akasita. Karani alikuwa ameacha kuandika. Mama Mkwe aliuziba mdomo kwa ncha ya khanga, na mabega yakaanza kutikisika. Dobi aliyashika akidhani analia, akakuta ni kicheko, halafu akakuta ni vyote viwili.

"Endelea," alisema Mama Mkwe. "Tufike kwenye kushindwa."

Hukumu ilikuwa fupi. Dai la mdai lilifaulu kwa sehemu. Mdaiwa ahamishe kamba za kuanikia, aupake chokaa ukuta wa mdai kwa gharama yake, alipe gharama za shauri. Kiwanja ni cha mdai. Hata hivyo, kwa kuwa nyumba ya mdaiwa haina njia nyingine, mdai na warithi wake wamwachie mdaiwa na warithi wake njia yenye upana wa mkokoteni wa kazi ukiwa na mzigo.

"Chokaa," alisema Mama Mkwe. "Aliniambia anampakia kwa huruma. Ati mshindi hana kinyongo. Nikampelekea na chai, akiwa juu ya ngazi."

Karani alivuta fomu ya maombi. "Nakala mnayotaka ni ya hukumu peke yake, au na mwenendo wa shauri, yaani ushahidi wote? Kwa mwenyekiti wenu hukumu inatosha. Mwenendo una kurasa nyingi, na kila ukurasa una bei."

"Hukumu," alisema dobi. Fedha aliyokuwa nayo ilikuwa ya sabuni, na sabuni yenyewe ilikuwa ya kukopa.

"Na maneno yake," alisema Mama Mkwe.

"Mama, yale maneno yakifika mtaani…"

"Najua mtaa wangu kuliko wewe. Andika yote, mwanangu karani. Sabuni tutaikopa tena. Yule mwenye duka tumemzoea na yeye katuzoea."

* * *

Ijumaa saa tatu walikutana kichochoroni, kwa sababu ofisi ya mwenyekiti ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi kuliko walioitwa. Helmeti alikuwepo na fundi wake. Mwenyekiti aliupapasa muhuri wa mahakama kwa kidole gumba, akaridhika, akampa dobi asome kwa kuwa yeye miwani yake ilikuwa kwa fundi.

Dobi alisoma hukumu. Aliposoma *dai la mdai lilifaulu*, kukapita mnong'ono, na mama mmoja akasema wazi, "Kumbe!" Dobi alihisi masikio yake yanawaka. Hakumtazama Mama Mkwe.

"Mmesikia wenyewe," alisema Helmeti. "Baba ndiye aliyeshinda. Miaka yote baba alikuwa akitaniwa hapa mtaani kwamba alishindwa na dobi. Mpaka anakufa!"

"Kwa sehemu," alisema mwenyekiti. "Imeandikwa kwa sehemu. Na njia ipo."

"Mkokoteni wa zamani, mwenyekiti. Huo haupo tena. Na kama ni njia, baba alitaka kuifunga, ndiyo maana alikwenda mahakamani. Mimi namalizia alichokianza yeye."

Aliyeweza kuthibitisha hilo hakuwepo. Mama Mkwe alijongea na fimbo yake mpaka karibu na kamba ya chungwa.

"Mkwe wangu, msomee maneno ya baba yake."

Dobi alizifunua kurasa, akainama kumnong'oneza, "Mama, ni karatasi hizo hizo. Naweza kuishia kabla ya…"

"Soma yote. Hata la dirishani."

Akasoma. Alisoma la mdai kwanza, na kisha la mdaiwa, na alipofika kwenye *mke wangu alikuwa dirishani*, kichochoro kizima kililipuka. Mumewe dobi, aliyetoka na pasi mkononi, alilazimika kuiweka chini. Mama Mkwe alisimama wima katikati ya vicheko, kilemba hakikutikisika.

"Ndiyo," alisema. "Nilikuwa dirishani. Na ningekuwepo tena."

Helmeti peke yake hakucheka. "Shemeji, rudia pale mwanzo. Pa baba."

Dobi akarudia: *Sitaki asipite. Nataka asiniloweshee ukuta. Mke wangu amejifungua, na mtoto analala chumba kile chenye ukungu. Anakohoa usiku kucha.*

"Mtoto huyo ni nani?"

"Mama yako alizaa mara ngapi?" alisema Mama Mkwe. "Ni wewe. Ulikuwa unakohoa kama gari bovu. Tulikuwa tunakusikia kutoka kwetu, nikamwambia mume wangu, huyu mtoto wa watu hatafika. Sikujua kama yeye ndiye anayekulowesha."

Helmeti alivua helmeti. Kichwa chake kilikuwa na upara ambao mtaa haukuutarajia. Aliomba karatasi, akaisoma mwenyewe, midomo ikicheza.

"Sitaki asipite," alisema. Akamrudishia dobi karatasi. "Haya. Upana gani?"

"Mkokoteni wa kazi ukiwa na mzigo," alisema mwenyekiti.

"Uleteni basi tupime."

Mumewe dobi aliuleta mkokoteni, na dobi akaupakia mashuka ya nyumba ya wageni. Fundi aling'oa vigingi, akasimama navyo.

"Ongeza mablanketi," alisema Mama Mkwe. "Marehemu alikuwa hapakii kama anayekwenda kuazima chumvi."

Yakaongezwa mablanketi.

"Na yale mapazia."

"Mama mkubwa," alisema Helmeti, "hapo sasa unanijengea barabara kuu."

"Hukumu imesema mzigo. Haikusema furushi."

Mwenyekiti aliangalia mbali ili asiulizwe. Helmeti akashusha pumzi, akayachukua mapazia kwenye kamba ya kuanikia, akayatupia juu ya mkokoteni yeye mwenyewe, yakaning'inia pande zote mbili. Dobi akasukuma taratibu, na fundi akatembea pembeni akipigilia kigingi kimoja mwanzo na kingine mwisho, pale palipofikia ncha ya pazia. Kamba ya chungwa ikafungwa upya. Mkokoteni ukatoka na mzigo wake wote mpaka barabarani, bila kuigusa.